Kitufe cha Tatu cha Mama Mwende

Kazi nzima ilichukua siku mbili na haikuigharimu serikali hata senti. Gharama aliilipa Mama Mwende, na wala hakuwa ameagiza kitu.

Siku yangu ya kwanza ya ukarani, Kitui, niliketishwa kando yake. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya chakula cha msaada. Akaniambia, "Hapa usijifanye mwepesi. Hesabu karatasi, halafu hesabu tena." Nimeishi hivyo mpaka leo.

Kompyuta ilitufikia miaka ya tisini, moja tu, imefunikwa kitambaa kama kochi la wageni. Faili ulitafuta folda ndani ya folda. Nikamwambia Karani Mkuu naweza kutengeneza upau chini ya skrini, yaani mstari wa vitufe vya njia za mkato: unabonyeza kimoja, faili inafunguka hapo hapo.

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Moja."

"Mbili, na chai."

"Mbili. Chai utakunywa kwako."

Nikaweka vinne: Barua, Zombe, Tseikuru, Migwani. Kila kituo na orodha yake ya familia za kupewa mahindi. Mama Mwende alivipenda. Aligusa skrini kwa kidole, moja, mbili, tatu, ndipo akapeleka kipanya. Nilidhani ni mazoea.

Kisha tukaongezewa kituo cha Ikutha. Jioni hiyo, mimi na unadhifu wangu, nikavipanga vyote kwa alfabeti. Sikumwambia mtu. Si majina yameandikwa?

Asubuhi Mama Mwende akahesabu hadi tatu, akachapisha, akafunga bahasha na kuandika juu yake kwa mkono, herufi kubwa: TSEIKURU. Lori likaondoka. Kule msimamizi akasoma majina ya watu wa Migwani mbele ya wafugaji waliotembea tangu alfajiri. Hakuna aliyeitika. Bila orodha yao hangeweza kugawa. Walirudi mikono mitupu, wakangoja siku nne.

Karani Mkuu alituita sote, watu kumi na mmoja.

"Mama, cha tatu kimeandikwa Migwani. Wewe huoni?"

Hapo ndipo nikaelewa. Hakuwa akiona herufi; vitufe kwake vilikuwa madoa tu ya kuhesabu. Macho yalikuwa yamekwisha, naye alificha kwa sababu alibakiza miaka miwili astaafu. Akageukia upande wangu.

"Mutua, Tseikuru si ni cha tatu?"

Barua ya kunipandisha cheo na kunihamishia Makueni ilikuwa mezani pale, ikingoja sahihi.

"Mimi sijui, Mama," nikasema.

Aliondolewa kazini mwezi huo. Mimi nilistaafu Makueni kwa hotuba tatu na saa ya ukutani.

Nasikia yuko Migwani, anaongozwa kwa mkono. Barua nimeandika mara mbili, nikachana mara mbili, maana atakayemsomea ni mwanawe. Sasa nyinyi mlio bado maofisini, nishaurini: niende nimwambie tukiwa wawili tu, au niwatafute kwanza wale kumi waliosikia?