Mama Mkubwa Raivo na Shimo la Mpunga

Mama mkubwa Raivo alinilea tangu nina miaka minne, na kwa miaka ishirini sikujua kwamba ndiye aliyemtoa mama yangu kwa askari.

Alikuwa akifuma sanda za hariri hapa Antananarivo, mtaa wa chini ya jabali, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Msemaji alikuwa mama yangu Rafara, kitinda mimba wa kwao. Alifundishwa kusoma na wamisionari wa kigeni kabla hawajafukuzwa, na malkia alipoipiga marufuku dini yao, mama aliendelea kusali na wenzake milimani.

Ilipotoka amri kwamba kila aliyebatizwa ajisalimishe, alinibeba mgongoni akaja kwa dada yake. Raivo akamficha katika shimo la kuhifadhia mpunga uani, akalifunika kwa bapa la jiwe, akaacha upenyo wa hewa na kutandika mkeka juu. Mumewe alikuwa vitani kusini; nyumbani tulikuwa yeye, wanawe wawili na mimi.

Siku ya tatu, adhuhuri, askari wakaja. Walimwaga vikapu, wakachomachoma paa kwa mikuki. Mkubwa wao alimweleza Raivo, bila hata kupaza sauti, kwamba nyumba ikikutwa na Mkristo, wote waliomo watauzwa utumwani, watoto huku na mama kule. Hawakuona kitu. Walikuwa wamekwisha kugeuka, mmoja yuko nje anakunywa maji, Raivo aliposema, "Ondoeni huo mkeka."

Mama alitolewa nywele zimejaa makapi, macho hayafunguki kwa jua. Hakuuliza nani kasema.

"Dada," alisema, "mtoto hajala."

Baada ya siku chache alitupwa kutoka jabalini pamoja na wenzake. Waliokuwako wanasema aliimba mpaka mwisho. Mifupa yake haikurudi kwetu, na kaburini kwa wazee wake hana nafasi hadi leo.

Malkia yule akafa, zama zikageuka. Sanamu za kale zikachomwa moto, ikulu yenyewe ikabatizwa, na watu waliokuwa wakinizomea mtaani, mtoto wa aliyetupwa, sasa wakagombea viti vya mbele kanisani. Mama mkubwa alikaa karibu na mlango. Mchungaji Rainisoa alimsihi mara nyingi asogee mbele, maana ni dada wa shahidi. Watu wakasema ni unyenyekevu. Hata mimi nilijivunia.

Jumapili moja ya kuwakumbuka waliouawa, mchungaji alimwomba asimulie imani ya Rafara. Alisimama pale pale mlangoni.

"Askari walikuwa wanaondoka," alisema. "Hawakunipiga. Mimi ndiye niliyewaonyesha shimo."

Mchungaji akajaribu kumwokoa. "Uliogopa kwa ajili ya watoto wako, mama."

"Niliogopa kwa ajili yangu. Watoto niliwakumbuka baadaye."

Alinitazama mimi, nami nikatazama chini.

Kwa siku tatu sikugusa wali wake. Siku ya nne njaa ilinishinda, nikala, tukaendelea kuishi. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi na hakupokea meza ya Bwana hata mara moja. Mara nyingine jioni aliweka kazi chini akaniambia, "Ravony, sema chochote," nami nikamwambia kwamba mpunga wa bondeni unakaribia kuvunwa. Nilijua anachotaka: neno la kumsamehe. Nilikuwa nalo, au nadhani nilikuwa nalo, nikamnyima, na kila nilipomnyima nilijisikia binti mwema wa Rafara.

Alipokaribia kufa aliomba azikwe nje ya kaburi la ukoo, kwenye udongo mtupu. Wanawe walikubali. Mimi nilikataa. Tulimfunga katika hariri aliyoifuma mwenyewe, tukamlaza kando ya wazazi wake. Wakati wanarudisha jiwe la mlango nililitamka lile neno, taratibu, lakini mle ndani hakukuwa na wa kulisikia.