Tarehe Niliyoibadili kwa Mkono Wangu

Siku ya kwanza kazini niliingia Mbinga viatu nimevishika mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kutoka stendi ilikuwa tope jekundu, na sikutaka Karani Mkuu anione na viatu vichafu. Alinikuta mlangoni nimeinama navivaa.

"Wewe ndiye mpiga chapa kutoka ziwani?"

"Shikamoo mzee. Ndiye mimi."

"Marahaba. Vaa upesi, kazi haikungoji."

Akanipeleka masijala, chumba cha kutunzia majalada, akanionyesha namna kila barua inavyopigwa namba, ikatobolewa, ikafungwa kwa kamba ndani ya jalada lake. "Barua isiyo na tarehe haina mwenyewe," aliniambia. "Kila mtu atakuja kuisemea lake." Nilikuwa na miaka ishirini. Niliona ni maneno ya mzee anayependa kusikika.

Ninyi mnaofanya kazi ofisini leo hamjui kazi yetu ilivyokuwa. Tulipiga chapa kwa mashine za chuma, karatasi tatu zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi ya kaboni ili nakala zitoke kwa mkupuo mmoja. Ukikosea herufi, unakosea mara tatu. Nilikaa Mbinga miaka kadhaa, nikajua kupiga barua nimefumba macho, kisha nikahamishiwa Mbamba Bay.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Huko juu milimani wanunuzi binafsi waliingia kutafuta kahawa, na huku chini ziwani kila mwenye uwezo alinunua injini akafunga kwenye boti ya mbao, akaita abiria. Meli ilikuwa inakuja inapotaka, kwa hiyo watu walizishukuru boti hizo. Na mimi nilizishukuru, maana kwetu ni Lipingo, na kwenda kusalimia nyumbani kulikuwa kumerahisishwa. Ofisi yetu ndogo ndiyo iliyozikagua boti na kuzipa leseni. Jina lake siliandiki. Waliokuwapo wanaijua.

Pale nilifanya kazi chini ya Wakuu wa Kituo watatu. Wa kwanza alipenda mihuri. Wa pili alipenda safari. Wa tatu ndiye ninayemzungumzia hapa, na mpaka leo nikimtaja mate yananikauka.

Wakati wake tuliletewa kompyuta na mradi wa wafadhili. Mkufunzi alitoka Songea, akakaa nasi wiki mbili. Kompyuta ile haikuwa na picha za kubonyeza kama zenu. Kioo kilikuwa cheusi, na wewe ulikuwa unaiandikia amri, neno kwa neno, nayo inatii. Ukiandika DIR inakuorodheshea mafaili yote, na mbele ya kila faili inaweka siku na saa lilipoandikwa mara ya mwisho. Mkufunzi alituonyesha pia jinsi ya kulipa faili tarehe mpya. Uliandika COPY /B, jina la faili, alama ya kujumlisha na mikato miwili. Faili lilikuwa linajinakili juu ya lenyewe. Ndani halikubadilika hata nukta, ila tarehe ilikuwa inageuka kuwa ya leo. Na ukitaka tarehe ya siku nyingine, ulianza kwa kuidanganya saa ya kompyuta kwa amri ya DATE.

"Ya nini sasa hiyo?" nilimuuliza.

"Saa ya mashine ikiharibika, mama, utaihitaji."

Mkaguzi wa vyombo alikuwa Mzee Ndunguru, Mmatengo wa Namswea, mtu wa maneno machache. Alikagua boti kwa kulala chali ndani yake na kugonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Siku moja alirudi ofisini suruali imelowa mpaka mapajani, akaketi karibu na meza yangu akanisomea barua niipige. Ilihusu boti ya mfanyabiashara mmoja iliyokuwa inabeba abiria na magunia ya usipa, dagaa wa ziwa letu. Mbao mbili za chini zimeoza. Pampu ya kutolea maji haifanyi kazi. Boti hii isipewe leseni, na isibebe watu mpaka itengenezwe.

Niliipiga kwenye kompyuta, nikaichapisha, akatia sahihi. Kwa kuwa barua ilikuwa inatoka meza moja kwenda meza nyingine ndani ya nyumba ile ile, haikuandikwa kwenye daftari la barua zinazotoka. Iliwekwa kwenye jalada la boti hiyo, nalo likapelekwa kwa Mkuu wa Kituo. Baada ya wiki moja nilimwona mwenye boti akitoka ofisini kwa Mkuu na leseni mkononi, anacheka. Mzee Ndunguru naye alimwona. Akaingia kwa Mkuu, mlango ukafungwa, na sote tulisikia sauti ya Mkuu: "Enzi za kuzuia zuia watu zimekwisha, mzee! Watu wanataka usafiri!"

Hazikupita wiki tatu, boti ile ikazama asubuhi kweupe ikielekea Lipingo. Watu tisa hawakuokolewa. Mmoja alikuwa mama yangu mdogo, Tekla, aliyekuwa amekuja Mbamba Bay kuniletea mihogo.

Nilirudi kazini siku ya tano baada ya maziko. Macho yalikuwa yamevimba hata kibodi sikuiona sawasawa. Mkuu akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akanipa pole kwa sauti ya upole sana.

"Mama, kibetri cha saa ya kompyuta kilikuwa kimekufa. Mafaili mengine yana tarehe za ajabu. Watu wa mkoani wanakuja, watatucheka. Yape yote ya miezi hii mitatu tarehe ya leo, yafanane."

Kibetri kilikuwa kimekufa kweli siku zile nilizokuwa msibani, na mafaili machache yalikuwa na tarehe za kabla kompyuta yenyewe haijatengenezwa. Lakini mengi yalikuwa sawa.

"Mkuu, mengine yana tarehe sahihi."

"Yote, mama. Usinichoshe."

Nikaandika amri ile. Faili moja, kisha lingine, kisha lingine. Barua ya Mzee Ndunguru ilikuwamo humo, na mkono wangu uliipitia kama zilizotangulia. Sikufikiri. Nilikuwa namfikiria mama mdogo.

Tume ya watu watatu ilipofika kutoka mkoani, Mkuu alisema hakuwahi kuonywa. Jalada la boti lilipofunguliwa, barua haikuwamo. Palikuwa na kipande tu cha karatasi kilichochanika, chenye tundu mbili za kamba. Mzee Ndunguru akasema barua imo kwenye kompyuta. Wakaiwasha. Barua ilikuwamo, na juu yake imeandikwa tarehe ya kabla ya ajali.

"Tarehe ya ndani mtu anaandika anayotaka," Mkuu akasema taratibu. "Tazameni ya mashine. Mashine haina undugu na mtu."

Tarehe ya mashine ilikuwa siku tisa baada ya ajali. Mkaguzi, wakasema, ameandika onyo watu wakishazama, ili ajiokoe.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichotumwa. Nikasimama bila kuitwa, nikasema mimi ndiye niliyeipiga barua ile, na mimi ndiye niliyebadili tarehe kwa amri ya Mkuu. Nikatoa mkobani disketi, kile kisahani bapa tulichotumia kuhifadhia nakala. Jenereta ya ofisi, iliyokuwa inazimika ghafla, ilikuwa imenifundisha kutoiamini kompyuta, kwa hiyo kila Ijumaa nilikuwa nanakili kazi zangu. Nakala ya barua ilikuwamo, na tarehe yake ya kweli, kabla ya ajali.

Mwenyekiti wa tume aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Tarehe hii ya kwenye disketi, wewe unaweza kuibadili?"

Ningeweza kusema siwezi. Vijana, nimelala na swali hilo miaka mingi. Nilisema, "Naweza."

"Hata ukairudisha nyuma?"

"Hata nyuma."

"Tuonyeshe."

Nikachukua faili jingine, nikaidanganya saa, nikaandika amri, nikawaonyesha. Haikuchukua dakika moja. Mwenyekiti akafunga daftari lake.

"Basi disketi hii haithibitishi kitu. Na wewe mama umefiwa katika ajali hii. Uchungu wako tunauelewa."

Yaani tarehe aliyoitaka Mkuu ilikuwa ushahidi, na tarehe ya kweli ilikuwa uchungu wangu! Mashine ni ile ile, amri ni ile ile, mkono ni huu huu. Nilipowauliza mbona mafaili ya miezi mitatu yote yana tarehe moja, na mbona hawamwulizi Mkuu nani aliyechana karatasi jaladani, niliambiwa niketi.

Mzee Ndunguru aliachishwa kazi. Mkuu alihamishwa, kwa cheo kikubwa zaidi.

Kahawa ilipoanza kuiva nilipanda Namswea kumwomba radhi Mzee Ndunguru. Nilimkuta shambani, kikapu kiunoni, anachuma. Nikamwamkia, nikapiga magoti pale pale kwenye majani makavu.

"Inuka, mwanangu. Utachafua kitenge."

"Baba, ni mimi niliyekufukuzisha kazi."

"Wewe ulipiga vitufe. Mimi ndiye niliyejua boti ni mbovu, nikaandika barua, nikaona kazi yangu imekwisha." Aliendelea kuchuma. "Ningeshuka pale ufukweni nikawaambia abiria kwa mdomo: msipande. Sikushuka. Niliogopa kuvunja utaratibu."

Mkewe akatuletea ugali na maharage, tukala pamoja. Wakati wa kuondoka mzee alinifungia kahawa kwenye kitambaa, na mimi nililia njia nzima mpaka Mbinga mjini.

Tangu siku hiyo sikubadili tarehe ya faili lolote bila amri ya maandishi yenye sahihi. Wakuu wawili wa vituo vya baadaye walinikasirikia, mmoja akanihamishia stoo ya vifaa, nikahesabu majembe mwaka mzima. Nilihesabu nikiwa na amani.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ndogo. Soda, pilau, hotuba. Ofisa mgeni aliyekuja kunikabidhi cheti alikisoma kwa sauti: nimetumikia kwa bidii, uaminifu na utii. Watu wakapiga makofi. Nikakiomba kile cheti, nikakisoma mwenyewe, nikamrudishia.

"Kuna kosa, mheshimiwa."

"Jina?"

"Jina liko sawa. Ni neno la mwisho. Kuna watu tisa walizama na mtu mmoja alipoteza kazi, na mimi nilikuwa mtiifu. Naomba mlifute."

Ofisa akacheka kidogo, akidhani ni utani wa mama mzee, kisha akaona sicheki. Akakirudisha kwenye bahasha, akasema watakichapa upya wanitumie.

Hawajakituma. Nami sijaenda kukidai.