Nyota ya Shingoni mwa Nyangumi

Siku ya kwanza nilipoanza kazi ya upimaji wa ardhi hapa Lindi, nilikabidhiwa mnyororo wa chuma nikaambiwa niubebe begani mpaka Mchinga. Nilikuwa nimetoka shule na mwandiko wangu mzuri, nikitegemea kukalishwa kwenye kiti ofisini. Nyapara alinitazama akacheka. "Karani," akasema, "kwanza bega liijue kazi, kalamu itafuata."

Mnyororo ule ndio tuliopimia urefu wa ardhi, kigingi hadi kigingi, na ulikuwa mzito kweli. Mwingereza ndiye aliyetawala wakati huo, na mkubwa wetu tulimwita Bwana Mpima, mtu mrefu, mwepesi wa hasira, lakini mwenye haki. Baada ya miezi michache aliuona mwandiko wangu akanipa daftari. Jioni, tukishamaliza sala ya isha, alisimamisha darubini yake juu ya miguu mitatu, akailenga nyota, akatamka pembe, nami nikaandika. Vijana huniuliza nyota zinahusiana vipi na barabara tuliyokuwa tukiipima. Mahali pa nyota pakijulikana, na saa ikiwa sahihi, mpimaji huipata kaskazini ya kweli, na mstari wake haupindi.

Jioni moja pale Mchinga mawingu yalikuwa mengi. Bwana Mpima aliitaka nyota iliyo puani mwa Nyangumi, ndivyo wanavyoliita kundi lile la nyota. Mawingu yakafunguka kidogo, akaona nyota moja yenye wekundu, akailenga haraka. Asubuhi hesabu zilikataa. Mstari wa barabara, kwa hesabu zile, ulikatiza katikati ya makaburi ya kijiji.

"Umeandika vibaya," akaniambia.

"Nimeandika ulivyotamka, Bwana. Nadhani nyota yenyewe siyo. Ile ya jana ilikuwa shingoni, si puani. Na msimu uliopita pale shingoni hapakuwa na kitu."

Uso ukamwiva. "Nyota haziingii na kutoka kama wateja dukani!"

Akanipokonya daftari mbele ya wenzangu. Nikarudi kwenye mnyororo, na nikaambiwa msimu ukiisha ataamua kama nifukuzwe.

Nilikuwa nimeoa mwaka uleule. Nilipofika nyumbani Mtanda nilimsimulia mke wangu, Mwanahawa, nikidhani atalia. Hakulia. "Kama ilikuja, itaondoka," akasema. "Twende uani ukanionyeshe."

Tukaitazama kila jioni isiyokuwa na mawingu. Kipimo chetu kilikuwa nyota za jirani, ambazo nuru yao haibadiliki. Leo inalingana na hii, juma lijalo imeshindwa na ile. Macho ya Mwanahawa yalikuwa makali kuliko yangu. Tulipobishana, mara nyingi kesho yake ilimpa yeye haki. Baada ya miezi miwili nyota ile ilififia hata mimi nikaipoteza kabisa, naye akaiona siku sita zaidi.

Nilipeleka ofisini karatasi niliyoandikia yote tuliyoyaona. Bwana Mpima aliisoma akiwa amesimama. Jioni ile akatoka mwenyewe na darubini, akaitafuta nyota ile shingoni mwa Nyangumi muda mrefu, asiione. Kisha akaniita.

"Daftari lako liko mezani," akasema. "Kesho ulichukue."

Hakuomba radhi kwa maneno mengine, nami sikuyahitaji. Mstari ulipimwa upya, na makaburi yakasalimika.

Bwana Mpima ndiye aliyewaandikia wataalamu wa nyota huko kusini mwa Afrika. Jibu lilipofika alinitafsiria polepole. Nyota hiyo ilikuwa ikijulikana kwao tangu zamani. Ni nyota kubwa mno, iliyozeeka, inayovimba na kusinyaa kama kifua cha mtu anayepumua, na kila pumzi moja huchukua miezi kumi na moja hivi. Ndiyo maana inang'aa kisha inafifia. Tena haiko peke yake: ina mwenzake mdogo, na wawili hao wanazungukana, ila wamekaribiana mno kwa macho yetu. Nikauliza kama ni huyo mwenzake anayeifunika. La, akasema Bwana Mpima, kufifia ni kwake mwenyewe. Mwisho wa barua waliomba tuendelee kuitazama, kwa sababu mawingu ya kwao na mawingu ya Lindi hayaji siku moja.

Nilifurahi kama niliyepandishwa cheo. Cheo chenyewe kilikuja baadaye, pamoja na uhamisho: kwanza Kilwa Kivinje, halafu Somanga, halafu milima ya Wamatumbi, ambako miti na ukungu havikuniachia mbingu. Mwanahawa alibaki Mtanda na watoto na mama yangu. Yeye ndiye aliyeitazama nyota. Shule hakuwahi kusoma, lakini chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, alifundishwa herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo aliniandikia Kiswahili chetu: "Leo imeizidi ya kulia, ya kushoto haijaifikia." Mimi nikageuza kwa herufi za kizungu, nikapeleka kwa wataalamu. Chini nikatia sahihi yangu.

Miaka mingi nilifanya hivyo. Nilijiambia kwamba wataalamu hawataamini macho ya mwanamke wa uani. Ukweli ni kwamba sifa zilikuwa tamu.

Nilistaafu wakati habari za uhuru zimeanza kuzungumzwa hadharani. Afisa Mpima wa mwisho niliyemtumikia alinisomea mbele ya wafanyakazi barua kutoka kwa watu wa nyota: wananishukuru kwa kutokukosa msimu hata mmoja, hata nilipokuwa safarini. Wenzangu wakapiga makofi. Nikaikunja barua ile, nikaondoka kabla ya chakula.

Nilimwambia Mwanahawa kila kitu, na kwamba nataka kuungama kwa barua.

"Watazitupa taarifa zote?" akauliza.

"Huenda. Watasema nimewadanganya."

Akafikiri. "Andika. Wakizitupa, sisi tumeshaiona."

Nikaandika, nikatenga kwa uaminifu zangu na zake, na zake zilikuwa nyingi kuliko nilivyopenda kuhesabu. Tulingoja miezi minne. Bahasha ilipokuja haikuwa na jina langu. Ilikuwa yake, "Bibi Mwanahawa", imepigwa kwa mashine. Walisema hawakutupa kitu. Wamezitazama upya, wakaona zile zake ndizo zisizoyumba, na kuanzia sasa katika madaftari yao zitasimama kwa jina lake. Wakauliza kama ana la kuongeza.

Nilimsomea mara mbili, ya pili polepole pale penye jina. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani ni haya.

"Waandikie," akasema, "kuna jioni moja ya mwezi wa Rajabu waifute. Kulikuwa na mawingu. Nilikisia, ili usinione mvivu."

Miaka thelathini nilifanya kazi ya vipimo na wakubwa wenye vyeti, na sikuwahi kusikia mmoja wao akiomba kipimo chake kifutwe. Nikaenda kutafuta wino. Safari hii nilimpa kalamu yeye, akaandika mwenyewe, kuanzia kulia, nami nikakaa pembeni nikingoja kutafsiri.