Mchenya wa Nyanjige

Wifi kumsifu wifi ni jambo la kutiliwa shaka, nalijua. Hata mama yangu akinisikia huguna. Lakini Nyanjige, mke wa kaka yangu Fredrick, namsifu mchana kweupe, na asiyependa akanywe maji alale.

Ni katekista wa kigango chetu huku Nkololo. Ni mfupi, ana sauti kubwa, na akifundisha wanaojiandaa kubatizwa hakubali mtu aitikie "ndiyo" kama hajaelewa. "Ndiyo ya nini?" huuliza, na mtu mzima na mvi zake huanza kutokwa jasho. Kwao ni Ngulyati. Kaka yangu alipomwoa, tulidhani tumepata wa kutupikia.

Sasa, kwetu kuna mwano na kuna mchenya. Mwano ni yowe la hatari. Ukipigwa, kila mwanamume hutoka na silaha aliyonayo, awe anakula, awe anaoga. Asiyetoka hutengwa: hasalimiwi, hauziwi chumvi, na anayemsemesha hutengwa pamoja naye. Hukaa hivyo hadi alipe mchenya, yaani atoe ng'ombe dume achinjwe, watu wote wale pamoja naye, jambo liishe. Wageni wa maofisini hutuona wakali. Waje waibiwe ng'ombe kwanza, ndipo tuongee.

Mwaka jana, kabla ya msimu wa kulima, mwano ulipigwa alfajiri nyumbani kwa mjane mmoja. Wanaume wakatoka. Jirani yetu Mwandu hakutoka. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amelewa. Aliogopa, akajifunika shuka, na baadaye akasema hivyo hivyo mbele ya wazee bila kutafuta uongo. Ng'ombe wa mjane walikwenda, wala hawakurudi. Mwandu akatengwa.

Aliyetutia wasiwasi ni mkewe, Minza. Mimba yake ilikuwa imekaribia, na mtoto wa kwanza alikuwa amemfia siku ile ile ya kuzaliwa. Zizi la Mwandu lilikuwa tupu tangu ukame, na ndugu zake wa Kimali walisema hawana undugu na mwoga. Bila mchenya, Minza hangepata mkunga, wala jirani wa kumshika mkono, wala bodaboda ya kumfikisha zahanati. Kila mwanamke wa kitongoji alilijua hilo, na kila mmoja alinyamaza, maana kutengwa si mchezo.

Padri Rogasian, mtu wa Kilimanjaro mwenye huruma ya haraka, alisikia habari hizo. Akaenda mnadani akanunua dume, akamswaga mwenyewe, kanzu imejaa vumbi, hadi kwa Ndalahwa, mkuu wa sungusungu. Ndalahwa alimzunguka yule dume, akamsifia nundu, kisha akatikisa kichwa.

"Wabeja, Padri. Tunashukuru. Lakini huyu si mchenya. Huyu ni nyama."

"Tofauti yake nini, mzee?"

"Mchenya unatoka kwenye nyumba yenye kosa. Anautoa mtu anayelala humo, aliyetengwa humo. Wewe umelala parokiani, umesalimiwa njia nzima. Ng'ombe wako hajabeba aibu yoyote. Tukimla, Mwandu atarudi vipi kwetu?"

Padri akarudi na dume wake. Alipitia kwa Nyanjige, akaketi, akatueleza yote. Nilikuwepo, nachambua mlenda. Nyanjige alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono.

"Padri, si wewe uliyetufundisha wakati wa Kwaresima kwamba Mungu hakutuletea ng'ombe kutoka nje?"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema alihamia. Alitwaa mwili wa watu waliotengwa, akala nao, akabeba aibu yao, ndipo akaweza kuwa kuhani wao na sadaka yao. Ndivyo ninavyowafundisha na hawa wanafunzi wangu. Maneno ni yako."

 Padri akanitazama mimi, kama anayeomba nimzuie. Nani amzuie Nyanjige?

Jioni ile alikunja mkeka, akabeba chungu na kanga mbili, akamwambia kaka yangu, "Baba Harieth, nahamia kwa Minza. Siku ya baraza la sungusungu niletee Meneja."

Meneja alikuwa dume mwekundu wa kulimia, ambaye Nyanjige alipewa na baba yake. Mwenzake wa kuvuta plau anaitwa Katibu. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache. Shamba la pamba lilikuwa linasubiri kulimwa. Aliinuka kwenye kigoda akaenda kumpa Meneja pumba nzuri tuliyokuwa tumeificha. Hapo nikajua amekubali, na nikamwona kaka yangu mkubwa kuliko nilivyokuwa nikimwona.

Tangu jioni ile hakuna aliyemsalimia Nyanjige. Tulikutana lamboni, yeye na ndoo yake, mimi na punda wangu wa maji. Sheria hairuhusu kumsemesha mtu, lakini haijasema lolote kuhusu punda. Nikamwambia punda kwa sauti, "Fredrick hajambo, na Harieth amekula ameshiba." Nyanjige akainamia ndoo yake akaiambia, "Minza amevimba miguu, lakini analala vizuri." Tukaachana hivyo, mimi natabasamu njia nzima na machozi yananitoka.

Watu walisema mengi. Wapo waliosema katekista gani huyu wa kujitafutia nuksi. Kwaya iliimba bila yeye Jumapili, na heri isingeimba.

Siku ya baraza ikafika. Ndalahwa akasema, "Nyumba yenye kosa isimame."

Mwandu akasimama, macho chini. Nyanjige naye akasimama kando yake.

"Mayu, wewe kaa," Ndalahwa alisema, akimwita mama kwa heshima. "Wewe ulitenda kosa gani?"

"Sikutenda, bhabha. Lakini nalala nyumba hiyo. Kama sihesabiwi humo, mbona hamnisalimii?"

Watu wakacheka. Ndalahwa akaenda kando na wazee wenzake, wakanong'ona kwa muda. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Jambo hili hatujawahi kuliona. Lakini mama huyu anahesabiwa kwenye ile nyumba, ametengwa kama wao. Akitoa ng'ombe, ametoa mchenya. Ng'ombe yuko wapi?"

Kaka yangu akaingia uwanjani akimvuta Meneja. Nililia, wala sikuwa na huzuni. Nilikuwa najivuna mpaka kifua kinauma.

Tulimla Meneja. Yule mjane aliyeibiwa ndiye aliyemkata Mwandu kipande cha kwanza akamtia mkononi, maana desturi inataka aliyeumizwa amlishe aliyemkosea. Mwandu alitafuna huku analia. Halafu watu wakaanza kumsogelea mmoja mmoja wakimsalimu, "Mwadila, Mwandu," "Mwadila, Mwandu," na yeye akiitikia kila mmoja kwa jina.

Minza alijifungua kabla mvua hazijakolea. Nyumba ilijaa wanawake hadi mkunga akatufukuza nusu. Mimi niligoma kutoka. Alizaliwa msichana mzima, mwenye mapafu ya kutosha, na aliyemshika Minza mkono mpaka mwisho ni Nyanjige. Kaka yangu alilima sehemu kubwa ya shamba kwa jembe la mkono, kwa sababu Katibu peke yake alikataa kazi. Pamba yetu ilikuwa kidogo msimu ule. Tuliipeleka sokoni vichwa juu.

Mtoto alipoanza kutolewa nje, Mwandu alikuja kwetu, kofia mkononi. Nyanjige alikuwa anapeta mtama.

"Mayu, nitakulipa nini?"

"Nani amekudai?"

"Hakuna. Najidai mwenyewe."

Nyanjige hakuacha kupeta. "Basi ukisikia mwano, toka."

Anatoka. Yowe likipigwa siku hizi hutangulia wenzake, mara nyingine bila viatu. Bado anaogopa, usoni anaonekana kabisa, lakini anatoka.