Jioni Waliyodhani Ng'ombe Wameibwa

Jineri ya kuchambua pamba ilipotupunguza kazi, nilipoteza mshahara na watu wa kukimbia nao. Tulikuwa watano, timu ya jineri, na kila jioni baada ya king'ora tuliishika barabara ya Maswa, tukitaniana mpaka pumzi zituishie. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia Bariadi na mizani yao, mitambo yetu ikabaki inakula vumbi, na wenzangu wakatawanyika. Mmoja alikwenda Malampaka kuinunulia pamba kampuni, wawili Mwanza kuuza mitumba, wa nne akarudi kwao Mwanhuzi kuchunga. Mimi nikabaki na viatu vyangu na hasira.

Hasira, kwa sababu mwaka uliotangulia nilikosa kidogo tu nafasi ya kwenda na timu ya mkoa kwenye marathoni. Pumzi ya kwenda mbali nilikuwa nayo, kasi ndiyo sikuwa nayo. Mtu alinipita mwishoni utadhani nimesimama. Sasa mchujo mwingine ulikuwa unakuja Shinyanga, na kwa umri wangu nilijua ndio wa mwisho.

Yule wa Malampaka alipita mjini siku moja, amevaa shati jipya, nikamweleza shida yangu.

"Acha kujikokota, ngosha," aliniambia. "Kimbia vipande. Toa kasi yote, tembea, toa tena. Lakini tafuta mtu wa kukukimbiza. Peke yako utajionea huruma."

Nikamwomba awe yeye. Akacheka, akapanda lori la pamba, akaenda zake.

Nikaanza peke yangu. Kipande changu kilitoka kwenye ua wa minyaa wa nyumba ya mwisho hadi kwenye kalavati. Mwenzangu alisema kweli: nikifika katikati, miguu ilianza kubembeleza, na mimi, mkali kwa kila mtu, miguu yangu niliidekeza. Nikirudi nyumbani nilisonga ugali wa mtu mmoja, nikala. Watu wa kando ya barabara walishanizoea na mwendo wangu wa pole. Walinisalimu "Mwadila!" wakaendelea kuchuma pamba.

Kwetu mtu mzima hakimbii kasi bila sababu. Akikimbia hivyo, ng'ombe wameibwa, na kila anayemwona anapaswa kumfuata. Nalijua hilo tangu utoto, lakini halikunijia kabisa akilini ile jioni niliyoamua kutojionea huruma.

Nilichomoka kwenye minyaa kwa nguvu zangu zote. Mama mmoja akainuka shambani, akapiga mwano, ule ukelele wetu wa hatari, na mashamba yote yakaitika. Watu walitoka na fimbo na mapanga, sungusungu wakipuliza filimbi. Yule mama akanifikia ubavuni, pamba zikimwagika kwenye khanga yake.

"Zimepita wapi?"

Sikuwa na pumzi ya kujibu. Nikainua mkono kumzuia, yeye akadhani naonyesha njia.

"Huko mbele!" akawapigia kelele wenzake.

Wakaja wote. Vishindo nyuma yangu, vumbi, watu wakihema kulia na kushoto. Jamani, nilifurahi! Tulilipita kalavati, tukapanda na mwinuko wake, na miguu haikunibembeleza hata mara moja. Tangu tulipokuwa watano sikuwahi kukimbia vile.

Juu ya mwinuko nikasimama, nao wakasimama. Mkuu wa sungusungu alishika magoti akihema.

"Ng'ombe za nani?"

"Hakuna ng'ombe, baba. Nafanya mazoezi."

"Unamkimbiza nani?"

"Simkimbizi mtu. Nakimbia tu."

Yule mama aliitazama khanga yake tupu. "We baba, huko nyumbani huna hata mtu wa kukuuliza unakwenda wapi?"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, ingawa swali lile liliniuma.

Hawakuniadhibu. Mkuu alisema atatangaza kwenye mkutano, watu wasinishtukie tena. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilidhani hata kwamba, wakishajua, mmoja wao atapenda kuja kukimbia nami. Usiku ule nililala nikimchagua: mkuu mwenyewe hapana, ana kitambi, lakini yule mama angenifaa sana.

Siku ya pili baada ya mkutano nilifika mapema. Nikavuta pumzi, nikachomoka. Mama alikuwa palepale shambani. Akainua kichwa, akanitambua, akamgeukia jirani yake.

"Ni yule wa mazoezi," alisema kwa upole kabisa. "Mwacheni."

Wakaniacha. Nilizidisha kasi, nikitumaini angalau mmoja atashtuka. Nikageuka kutazama: migongo imeinama kwenye pamba, barabara nyeupe, haina mtu. Kabla ya kalavati nikaanza kutembea. Shinyanga sikwenda.