Sabuni Kwenye Mkanda

Gari langu lilikuwa likilia kama mbuzi aliyesahaulika juani. Nikiliwasha asubuhi pale Migosi, mtaa mzima unaamka. Jirani mmoja aliniambia hahitaji saa tena. Mimi ni mbishi, nikashikilia kwamba ni mkanda wa injini tu. Nilifungua boneti na kuusugua kwa kipande cha sabuni ya mche. Kelele ilinyamaza mpaka barabara kuu, kisha ikarudi na hasira. Nikanunua mkanda mpya, nao ukalia vilevile.

Majirani sikuwajali. Niliyemjali ni mama mkwe wangu wa Kombewa. Kwa miaka tisa ya ndoa yetu, zaidi ya salamu, hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana: hawaonani wakila, hawakai karibu, na neno lolote hupitia kwa binti. Tukienda kwake na gari hilo tulimkuta daima amesimama mlangoni, kitambaa kichwani, amenyooka kama askari. Nilijua ni heshima. Lakini miaka tisa ni mingi, na moyoni niliogopa kwamba hanioni mtu wa maana.

Kisha macho yake yakaanza kumsumbua, na ikawa kazi yangu kumpeleka kliniki mjini. Alikaa nyuma ya mke wangu, mkoba mapajani. Gari likalia njia nzima, nami jasho likinitoka. Tulipokaribia Kisian alimwambia binti yake maneno mengi kwa Dholuo, lugha yetu, kwa sauti ya chini. Mke wangu akanigeukia, amebana kicheko.

"Mama anasema uache kupaka mkanda sabuni. Mkanda hauna makosa. Ni kale kagurudumu kanakokaza mkanda, beringi yake imeisha. Anasema posho mili yake ililia hivyo hivyo."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huyu mama alisaga mahindi ya watu sokoni miaka mingi, yeye na mashine yake, bila fundi. Na habari za sabuni alizijuaje? Mke wangu akaangalia nje ya dirisha. Niliona aibu, nikakasirika kidogo, na tulipofika hospitali nilikuwa nimeanza kumwamini.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wangu wa Kaloleni. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza. Kisha akatoa mkanda, akalizungusha lile gurudumu kwa kidole. Likakwaruza kana kwamba lina mchanga ndani.

"Mzee, nani alikuambia ni hapa?"

"Mama mkwe."

"Basi mwambie akuje tufanye kazi na yeye."

Alipofunga jipya na kuwasha, injini ilikuwa kimya hata nikadhani haijawaka. Nilifurahi kama mtoto. Nilizunguka mji bila sababu, madirisha wazi, nikisikiliza kimya changu.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya kumrudisha kliniki. Mke wangu alikuwa kazini, nikaenda peke yangu. Niliingia bomani kwake bila hata kuku kushtuka. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka kando ya jikoni, kichwa wazi, miguu ameinyoosha, anatafuna hindi la kuchoma kwa mikono miwili. Tukatazamana. Hapakuwa na mtu wa kupitishia neno.

Akaficha hindi nyuma ya mgongo, akameza.

"Ora," akasema, yaani mkwe wangu, "hiyo kelele ilikuwa inanisaidia. Nikiisikia tu huko barabarani, najua ni wewe. Naacha kila kitu, navaa kitambaa, nakuja kukungoja kwa mlango. Siku ingine piga honi."

Nilirudi garini, nikalirudisha nyuma polepole mpaka nje ya lango, nikahesabu hadi hamsini, nikapiga honi. Nilipoingia tena alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kichwani, akanisalimu kana kwamba ndiyo kwanza nimefika.