Pengo Kando ya Pengo

Mawifi zake waliamini anakesha akihesabu nyota. Ukweli ni kwamba Bi Pengo alizipima saa nne asubuhi, kikombe cha chai mkononi, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya mafagio. Darubini yenyewe ilikuwa huko juu angani. Yeye alitumiwa mwanga tu, umechorwa kwenye skrini kama mstari.

Jina alibandikwa na wenzake, maana meno anayo yote. Kazi yake ilikuwa kusaka mapengo. Mwanga wa nyota ukipita kwenye gesi iliyotanda kati yake na sisi, kila aina ya atomu hujimegea rangi yake na kuacha pengo. Haidrojeni, kwa ulafi, huacha shimo. Ndugu yake mzito, deuteri, huacha mkwaruzo kando ya shimo hilo, na Bi Pengo aliweza kuutazama mkwaruzo kutwa nzima kama mtu anayechambua mchele.

Safari hii mkwaruzo ulikuwa mnene: deuteri maradufu ya iliyozoeleka. Mkuu wa idara, mtu wa kushangilia bao mpira ukiwa bado hewani, alishaalika waandishi wa habari waje Ijumaa. Akamdokeza pia kwamba cheo kilichomkwepa miaka yote sasa kinamjia chenyewe.

Bi Pengo akakosa raha. Wingu dogo la haidrojeni likija upande wetu kwa kasi, pengo lake husogea na kukaa palepale pa deuteri. Wataalamu wazima wameshaingizwa mjini namna hiyo. Basi Alhamisi akaigeukia oksijeni: kama wingu lipo, nalo lina oksijeni yake, na pengo la oksijeni litakuwa na pacha.

Mkuu alisimama mlangoni. "Dada yangu, mbona unajipalia makaa?"

"Makaa yangu, bosi. Subiri."

Pacha akajitokeza, mdogo, mkaidi. Bi Pengo alipoliondoa wingu kwenye hesabu, deuteri iliyobaki ilikuwa ya kawaida kabisa. Mkuu akakalia ndoo, akauliza kama jambo hilo haliwezi kungoja mpaka Jumatatu.

"Hata Jumatatu itakuwa bado haidrojeni."

Ijumaa alisimama mwenyewe mbele ya waandishi, akawaeleza kwa furaha isiyo na aibu jinsi wingu lilivyotaka kumlaghai. Cheo akapewa bwana mmoja ambaye hajawahi kukosea kwa kuwa hajawahi kupima. Bi Pengo alimpa mkono wa pongezi, kisha akaomba apewe nyota nyingine.